Droo ya Saa Sita

Ujumbe uliingia saa nne na dakika hamsini asubuhi. Maneno mawili tu.

"Nyanya zimeiva."

Sinyati aliusoma kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa barabarani. Akaufuta kwa kidole gumba, akakaza mafuta, pikipiki yake ya Boxer ikapanda kilima cha Ngongongare inanguruma kama mtu aliyetukaniwa mama.

Mita mia tatu mbele yake, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inatimua vumbi.

Nyanya zimeiva, maana yake pembe zimeshapakiwa. Kule Ngare Nanyuki kulikuwa na Fuso moja, juu matenga ya nyanya, chini ya matenga pembe kumi na nne za ndovu. Miezi mitano Sinyati alikuwa anaifukuzia hiyo Fuso. Miezi mitano ya kula vumbi!

Kwenye sikio la kushoto alikuwa na kispika kidogo kisicho na waya. Kilikuwa kinamletea kila neno lililosemwa ndani ya Land Cruiser, maana pale sheli Usa River alipita pembeni ya pampu, kofia ngumu kichwani, akapachika kinasa sauti cha sumaku kwenye fremu ya dirisha la nyuma. Hakushuka hata kwenye pikipiki.

"Bosi, punguza presha," sauti ya kwanza ilisema. Kijana. Kiswahili cha Arusha mjini kabisa. "Fuso itashuka tu."

"Fuso haishuki wakati mtu anaangalia barabara!" Sauti ya pili ilikuwa nzito, ya kigeni. Huyo Sinyati alimjua. Radek, mzungu aliyejiandikisha hotelini kama mpiga picha za ndege, na ndege hata mmoja hajawahi kumpiga picha. "Mara tatu nimepoteza mzigo. Mara tatu! Kuna macho pale. Nataka jina lake."

"Utalipata saa sita kamili, bosi. Mfumo wao wenyewe unatupa. Yaani hatuvunji hata kitasa."

Sinyati nusura aingie mtaroni.

Mfumo wao wenyewe?

Hayo macho yalikuwa na jina kweli. Lesikar. Ndiye aliyetuma ule ujumbe wa nyanya. Mzee mchunga mbuzi, mwanawe alikuwa askari wa wanyamapori, majangili wakamrudisha nyumbani kwenye turubai. Miaka miwili iliyopita Sinyati alimfuata mnadani, wakakaa nyuma ya lori la chumvi, mzee akamuuliza swali moja tu: "Binti yangu, jina langu litakaa wapi?" Sinyati akamjibu kwamba litakaa kwenye mashine iliyofungwa, hakuna mtu atakayelisoma. Mzee akamwekea mkono kichwani. Wakaelewana.

Na sasa kuna mjinga mmoja ndani ya Land Cruiser anasema mashine iko wazi.

Akabonyeza kitufe cha kispika.

"Gadiel!"

"Naam dada." Gadiel ndiye alikuwa fundi wa mfumo, amejichimbia kwenye ofisi ya Kitengo cha kupambana na ujangili, nyumba isiyo na kibao pale Kijenge. Kijana mpole. Anapenda vitumbua. Sauti yake ilikuwa na kitumbua ndani.

"Saa sita kinatokea nini kwenye mfumo?"

"Saa sita orodha inashuka kutoka makao makuu. Majina halisi ya watoa habari. Inakaa kwenye volyumu, ile droo ya kutunzia data, dakika tano, inalinganishwa na ripoti, inafutwa. Kila siku iko hivyo. Kwani vipi?"

"Ndani ya hizo dakika tano nani anaweza kuisoma?"

"Mfumo tu."

"Gadiel."

"Mfumo tu dada, haki ya Mungu."

"Usiniambie unachokumbuka. Angalia. Sasa hivi."

Kibodi ikalia. Halafu ikanyamaza. Halafu Gadiel akameza kile kitumbua kwa shida, Sinyati akasikia kabisa kinavyoshuka.

"Dada... ruhusa ya volyumu imekaa 777."

Boxer ilipita geti la hifadhi, ikaingia kwenye msitu, mbega wakaruka juu ya miti, na Sinyati hakuona kitu. 777! Hiyo ni mlango, dirisha na paa, vyote wazi. Yeyote mwenye akaunti kwenye ile mashine anasoma, anaandika, anafuta, anafanya anachotaka.

"Nani aliiweka hivyo?"

"Mimi. Lakini nisikilize..."

"Sikusikilizi! Wamekununua, Gadiel?"

"Dada! Mimi?"

"Wewe! Kuna mzee wa watu atachinjwa saa sita kwa sababu yako!"

"Mstari wa kuikabidhi folda ya majina kwa mfumo peke yake niliuandika! Upo! Nakutumia picha uone mwenyewe!"

Sinyati akakata.

* * *

Saa tano na dakika kumi na nane Sinyati alikuwa amelala kifudifudi juu ya kilima, nje ya hifadhi, ng'ambo ya Momela. Pikipiki ameificha kwenye kichaka. Darubini ya Nikon machoni. Mlima Meru nyuma yake umevaa wingu hadi mabegani, kama haujali.

Chini, barabara. Pembeni mwa barabara, mbuzi wengi. Na katikati ya mbuzi, wazee watatu.

Yiamat alikuwa mdogo kuliko wenzake, shuka jekundu, redio begani. Naftali, Mmeru, mzee wa kanisa, koti la suti na gambuti. Na Lesikar, mkubwa wao, amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, anaangalia barabara kama mtu asiyeangalia kitu.

Land Cruiser ilikuwa imesimama hatua sitini kutoka kwao. Boneti juu, kama gari limeharibika.

"Wako watatu," sauti ya Radek ikasema sikioni. "Mmoja ndiye. Atakayekimbia kabla ya saa sita, huyo huyo. Asipokimbia mtu, tunasubiri jina."

Kwa hiyo Sinyati hawezi hata kumtumia Lesikar ujumbe aondoke. Akiinuka tu, amekufa. Polisi wako Usa River, dakika arobaini. Askari wa hifadhi wamejipanga juu kuikaba Fuso, nao dakika ishirini. Na makao makuu? Orodha inashuka yenyewe, Arusha hakuna wa kuizuia. Kuuzima mfumo wote nako haiwezekani, maana askari wa juu walikuwa wanaongozwa na ripoti zinazopita humo humo.

Sinyati akafungua WhatsApp. Picha ya Gadiel ilikuwa imefika.

Ilikuwa Dockerfile, faili fupi la maelekezo. Mfumo wa Kitengo ulikuwa unaishi ndani ya kontena, siyo lile la bandarini, hapana, boksi la programu. Unaandika maelekezo mstari kwa mstari, mashine inayafuata, inakutengenezea imeji. Imeji ukiiwasha ndiyo boksi linaanza kufanya kazi. Tatizo la boksi ni kwamba halitunzi kitu. Ukilitupa, vya ndani vimekwenda. Kwa hiyo vitu vya kutunza vinakaa nje, kwenye droo inayochomekwa pembeni. Hiyo droo ndiyo volyumu.

Sinyati hakuwa na cheti cha kompyuta. Alijifunza kwa simu, siku nzima nzima akiwa amelala vichakani anasubiri majangili ambao hawaji. Lakini kusoma mistari mitano alikuwa anaweza.

Mstari wa tisa: tengeneza mtumiaji wa kuendesha mfumo, jina lake mlinzi.

Mstari wa kumi na moja: hii folda ni volyumu.

Mstari wa kumi na mbili: folda mkabidhi mlinzi, mwingine yeyote asiguse.

Akasoma tena. Damu ikampanda hadi masikioni. Akapiga.

"We Gadiel, umeandika juu chini!"

"Juu chini vipi?"

"Umetangaza volyumu kwanza, halafu ndiyo ukaikabidhi! Ukishaitangaza, chochote unachofanya kwenye hiyo folda kwa mistari ya chini yake mashine inakitupa! Inakitupa kimya kimya, haikwambii! Umepaka rangi mlango, halafu wamekuja kuung'oa huo mlango na rangi yake!"

"Ndiyo maana," Gadiel akasema taratibu. "Ndiyo maana iligoma kuandika. Folda ilibaki ya mkubwa wa mashine, mlinzi akawa hana ruhusa. Nikahangaika siku mbili. Mwisho nikaona nifungue tu yote, iende."

"Iende!"

"Ilikuwa Ijumaa jioni, dada..."

Sinyati aling'ata kola ya jaketi lake. Aliing'ata kweli, ili asipige kelele. Ijumaa jioni! Watu wanatembea na roho zao mikononi, halafu mtu anafungua droo ya majina yao kwa sababu anawahi nyama choma Kijenge!

"Panga upya. Mlinzi atengenezwe, folda ikabidhiwe, ndiyo volyumu itangazwe mwisho. Jenga imeji upya. Na droo iwe mpya kabisa, ile ya zamani itabaki na uchafu wake hata ubadilishe imeji mara mia. Droo mpya ikizaliwa inarithi mwenyewe kutoka kwenye imeji."

"Sawa dada."

"Una dakika kumi na tano."

* * *

Saa tano na dakika arobaini na mbili.

"Imekubali!" Gadiel alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Droo mpya, mwenyewe ni mlinzi, mwingine hagusi. Mfumo unaandika vizuri kabisa. Tumemaliza, dada!"

Sinyati alivuta pumzi. Ya kwanza ya asubuhi nzima.

Chini, ndani ya Land Cruiser, yule kijana alikuwa anapiga mluzi. Darubini ikamwonyesha vizuri: kofia iliyogeuzwa nyuma, ThinkPad mapajani, antena ya intaneti juu ya dashibodi.

"We Sylvanus, una uhakika hawatakuona?" Radek akamuuliza.

"Bosi, mimi nimeingia mlango wa mbele. Walinipa akaunti wenyewe nilipowafungia kamera. Kazi ikaisha, wakanipa chai, wakasahau kuifuta. Chalii wangu, mimi kule ni mwenyeji!"

Fundi wa kamera.

Akaunti kwenye mashine.

Kitu kikamgonga Sinyati kifuani. Hakujua ni nini. Akakitafuta, akakipata, akakiogopa.

"Gadiel. Mlinzi ana namba gani?"

"Namba?"

"Namba ya mtumiaji! Ulipomtengeneza kwenye imeji ulimpa namba, au uliiacha mashine ichague?"

"Nimeiacha. Imempa 1001."

"Sasa toka nje ya boksi. Kwenye mashine yenyewe hapo Kijenge. 1001 ni nani?"

Kibodi ikalia, halafu ikalia tena, Gadiel anarudia swali lile lile.

"Sema!"

"1001 ni... fundi_kamera."

"Umemkabidhi mwizi funguo."

"Lakini dada, jina ni mlinzi! Nimeandika mlinzi!"

"Mashine haijali majina, Gadiel! Faili halina jina la mwenyewe, lina namba! Ndani ya boksi 1001 anaitwa mlinzi. Nje ya boksi 1001 anaitwa Sylvanus, yuko hapa chini yangu, ana laptop, na kwa mashine yako yeye ndiye mwenye ile droo! Asubuhi alikuwa mpita njia aliyekuta mlango wazi. Sasa umemfanya baba mwenye nyumba!"

"Mungu wangu. Naifuta akaunti yake."

"Usiguse!"

"Kwa nini?"

"Ukiifuta, laptop inakatika hapo mbele ya mzungu. Watajua tumewajua, watawamaliza wazee. Mwache aingie. Akutane na mlango umefungwa, afikiri amekosea yeye. Chagua namba ambayo hakuna kiumbe anayo hiyo mashine."

"41733."

"Hakikisha."

"Haipo. Hakuna mwenye nayo."

"Iandike kwenye mstari wa kumtengeneza mlinzi, usiiachie mashine. Jenga. Droo nyingine mpya."

"Dada, zimebaki dakika kumi na tatu, na mtandao wa hapa..."

"Gadiel. Ukishindwa, nakuja hapo Kijenge. Kwa mguu. Nataka hasira ikue njiani."

* * *

Saa tano na dakika hamsini na tano. Mashine inashusha vipande vya kujengea imeji.

Hamsini na saba. Inajenga, mstari wa nne.

Hamsini na nane. Mstari wa tisa. Mlinzi amezaliwa, 41733.

Sinyati aliitoa Glock kwenye mkanda, akaangalia risasi, akairudisha mgongoni. Akavua kofia ngumu na jaketi. Ndani alikuwa amevaa blauzi ya maua na kitenge, binti wa mjini anayekuja kusalimia kijijini. Akaanza kushuka kilima, mikono mitupu, sikio limejaa sauti mbili.

"Inawaka," akanong'ona Gadiel. "Inawaka... imewaka."

Saa sita kamili.

"Orodha imeshuka, dada. Imo ndani."

Hatua mia moja mbele yake, Sylvanus akagonga kitufe kwa mbwembwe.

Akagonga tena.

"Vipi?" Radek.

"Subiri bosi. Imenikatalia ruhusa."

"Nini?"

"Inasema sina ruhusa. Jana nilikuwa nasoma! Jana nimesoma droo nzima, mafumbo tu, majina hayakuwepo, lakini nimesoma! Ngoja niingie upya."

Akaingia upya. Ikamkataa. Akabadilisha njia. Ikamkataa. Saa sita na dakika mbili. Tatu. Sinyati alikuwa anatembea taratibu, kila hatua inamlipia mzee dakika moja ya uhai. Nne.

Tano.

"Imefutwa," Gadiel akasema. "Imefutwa, dada! Hakuna aliyeisoma!"

Ndani ya gari kofi likalia. Zito. Sylvanus akapiga yowe.

"Basi," Radek akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Wote watatu."

Milango ikafunguka. Radek akashuka na bastola yenye bomba la kuzuia sauti, ameiegemeza pajani, anatembea kuelekea kwa wazee. Sylvanus nyuma yake, ameshika shavu.

Sinyati aliwahi kwa hatua ishirini.

Na hapo akakumbana na jambo ambalo hakuna mafunzo yoyote yaliyomwandaa nalo. Salamu.

Wazee watatu, binti mmoja. Lazima asalimie. Kwa desturi anaanza na mkubwa, anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Mkubwa ni Lesikar. Lakini akienda moja kwa moja kwa Lesikar, mbele ya watu wanaotafuta yale macho ya barabarani, si amemnyooshea kidole?

Akageuka. Akaenda kwa Yiamat, mdogo wao. Akainamisha kichwa.

Yiamat akashangaa, akamgusa kwa ncha za vidole. "Takwenya."

"Iko," Sinyati akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai.

Akageuka kwa Naftali. "Shikamoo babu."

Naftali hakuitika. Alikuwa anamwangalia kama ameona mbuzi amevaa viatu. "We binti, umetokea wapi? Nani amekufundisha kusalimia kwa kuanzia mkiani? Mkubwa huyo hapo umemruka kama jiwe!"

"Nisamehe babu, nimetoka mjini."

"Mjini! Mjini kwani hakuna wazee?"

Akaja kwa Lesikar, wa mwisho. Akainamisha kichwa.

Mkono haukuja.

Lesikar alikuwa anaangalia mbuzi wake. "Mimi simjui huyu," akasema kwa wote. "Asiyenijua asiniinamie."

Ilimuuma. Alijua kwa nini mzee amefanya hivyo, na bado ilimuuma kama kijinga cha moto.

"Bosi!" Sylvanus akapaza sauti ghafla. Amefurahi! Shavu limevimba na amefurahi! "Bosi, umeona? Mimi nimekulia hapa hapa, hizi mila nazijua. Mtoto wa kike hawezi kumruka mkubwa hivi hivi. Amekwenda kwanza kwa mtu wake. Ni yule! Yule wa redio!"

Bomba la bastola likageuka. Likatua kwenye kifua cha Yiamat.

"Mimi?" Yiamat akasema. "Mimi nini?"

Mzee wa watu hakujua lolote. Hakuna orodha yenye jina lake, duniani kote hakuna. Ni Sinyati ndiye aliyemwandika sasa hivi, kwa kichwa chake mwenyewe.

Hasira yote ya asubuhi ile, ya 777, ya Ijumaa jioni, ya chai waliyompa fundi wa kamera, ikakusanyika kwenye kidole kimoja.

Paa!

Risasi ya Glock ilimpata Radek begani. Bastola ikaruka, ikaangukia kwenye mbuzi. Mbuzi wakalipuka! Huku na huko, kengele zinalia, vumbi juu. Radek akapiga goti, mkono wake mzima ukaenda mguuni, kisu.

Paa!

Ya pili ilipita karibu na goti lake, ikamrushia mchanga usoni.

"Ya tatu haitakosa," Sinyati akasema. "Lala."

Radek akalala.

Sylvanus alikuwa ameshakimbia. Alikwenda hatua kumi, beberu mweusi akapita kati ya miguu yake, akabebwa mzima mzima, akatua kifudifudi. Alipoinua kichwa aliona gambuti mbili. Naftali, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama juu yake na fimbo.

"Ongeza hatua moja," Naftali akasema, "halafu Jumapili nitatubu."

Hakuongeza.

* * *

Askari wa hifadhi walifika saa sita na dakika ishirini na sita, na Fuso nyuma yao. Walikuwa wameishika juu, dereva ameganda kwenye usukani. Wakashusha tenga la kwanza, la pili, la kumi. Nyanya zikabingirika barabarani. Chini ya matenga, kwenye magunia, pembe kumi na nne.

Sinyati alimfunga Sylvanus pingu mwenyewe. Alizikaza kupita kiasi. Hakujali.

"Dada, mnanionea," Sylvanus akasema. "Mimi sijavunja kitu. Akaunti mmenipa nyie. Droo mmefungua nyie. Leo asubuhi mmenikabidhi kabisa, niliona, namba yangu ikatokea kama mwenyewe! Nikasema hawa watu wana wazimu! Halafu dakika za mwisho ikapotea."

"Ulikuwa unajua jina lile ni la nini?"

"Mi' nilikuwa fundi tu."

"Ulikuwa unajua?"

Sinyati alimshika kola, akamvuta hadi pua zikakaribiana. "Kuzembea kuna adhabu yake, na wa kwetu ataipata, nitahakikisha mimi. Lakini yeye aliacha mlango wazi akaenda kula. Wewe uliingia kutafuta mtu wa kuua. Usijiweke naye kapu moja."

Akamsukuma ndani ya gari la askari.

Simu ikatetemeka. Kijenge.

"Dada." Gadiel, sauti ndogo. "Nimeifuta akaunti ya kamera. Nimepitia zote. Kulikuwa na nne nyingine, za mafundi wa zamani. Nimefuta zote. Na nimejaribu kuifungua droo kwa akaunti yangu ya kawaida, imenikataa."

"Vizuri. Haikuhusu."

"Mzee yuko salama? Yule... mimi hata sijui ni nani."

"Baki hivyo hivyo."

"Dada, nisamehe. Ile Ijumaa..."

"Andika barua. Anza na neno Ijumaa. Kesho saa mbili asubuhi iwe mezani kwa Mkuu, na wewe usimame pembeni yake wakati anaisoma."

Akakata kabla hajaitikia.

Radek alikuwa amelazwa nyuma ya Land Cruiser yake mwenyewe, bega limefungwa, uso umekuwa kama karatasi. Sinyati alipopita akainua kichwa.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "Nimekwisha, najua. Niambie. Ni yupi?"

Sinyati akasimama. Akaangalia barabarani.

Yiamat alikuwa amekaa chini, anajaribu kuwasha redio yake iliyopasuka mbuzi walipotimka. Kosa la kumwelekezea bastola mzee huyo Sinyati atalibeba, alijua. Naftali alikuwa anawahadithia askari tukio zima, na kwenye hadithi yake beberu alikuwa hajafanya chochote. Na Lesikar alikuwa anakusanya mbuzi, mmoja mmoja, kwa mluzi, bila haraka.

Sinyati akawafuata. Akaweka redio yake ndogo ya mfukoni, ya kusikilizia habari, mapajani kwa Yiamat. "Mzee, nimekukosea. Nisamehe."

"Umenikosea nini?" Yiamat akauliza. "Si umeniokoa?"

Sinyati akamwashia ile redio ndogo. Akainuka.

"Wazee, kwaherini," akasema. Kwa wote watatu, sauti moja, kichwa kimenyooka.

"Kwaheri nini!" Lesikar akafoka kutoka kwenye mbuzi wake, kwa nguvu, mpaka askari wakageuka. "Watu wa mjini hamna haya! Mmepiga marisasi yenu, mbuzi wangu wawili hawaonekani. Nani atanitafutia? Ondoka hapa, nisikuone tena!"

Askari wakacheka. Radek akageuza uso pembeni. Huyo siye, alikuwa ameshamtoa kwenye hesabu.

Sinyati akapanda kilima. Akavaa jaketi, akavaa kofia ngumu, akashusha kioo cheusi hadi kidevuni ili machozi yabaki mambo yake.

Akaipiga Boxer kiki.